Giza Linalovuja

Kila mji una sheria zilizolala. Hukaa vitabuni miaka nenda miaka rudi, watu wanazipita kama wanavyompita mbwa aliyesinzia kibarazani, mpaka siku mtu amkanyage mkia. Sheria ya vioo vya magari iliamka Jumatatu. Kufikia Jumatano, foleni mbele ya banda la Kivuli ilikuwa imepinda kona ya duka la matairi, na wenye magari wanapigiana honi kama watu wanaogombea maji.

Kivuli alikuwa fundi wa tinti. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata huko lilikuwa linafifia. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akibandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya magari, na kazi hiyo mikono yake iliijua kama inavyojua kufunga vifungo vya shati. Kwanza alilowesha sakafu ili vumbi lisiinuke, maana chembe moja ikiingia chini ya karatasi hukaa pale kama jipu. Kisha alivua viatu, akakunja suruali, akanyunyizia kioo maji ya sabuni ya watoto, akalaza karatasi, akakamua maji kwa kipande cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Pembe za mwisho alizisukuma kwa ukucha wa kidole gumba, aliokuwa akiufuga kwa kazi hiyo tu, na ambao mke wake aliuchukia kuliko wakwe zake wote.

Sasa alikuwa anabandua. Sheria ilisema kioo cha mlango wa mbele lazima kipitishe sehemu sabini za mwanga katika kila mia. Ilisema hivyo tangu zamani, ila hapakuwa na mtu mwenye chombo cha kupimia. Sasa yadi ya ukaguzi wa magari, iliyotazamana na banda la Kivuli, ilikuwa imeletewa kipimo kipya, na mkaguzi aliyekabidhiwa alishinda akipiga kelele, "Haifiki sabini hii! Geuza, haifiki sabini!" Wiki haikuisha kabla watu hawajamwita Sabini mbele ya macho yake, naye akaitika.

"Wewe ndiye uliyenibandikia, na wewe ndiye unayenibandua," alilalamika mteja mmoja, afisa wa bima mwenye tai. "Kweli fundi halali njaa."

"Nikuachie? Sabini yuko ng'ambo pale, anakungoja kwa hamu."

"Bandua, bwana. Lakini mke wangu sasa ataniona."

"Atakuona unafanya nini?"

Afisa wa bima akafikiri. "Sifanyi kitu. Hapo ndipo penye tatizo."

Foleni nzima ikacheka. Kivuli naye akacheka, lakini moyo haukuwepo. Simu mfukoni ilikuwa imelia mara tatu, na mara zote tatu aliyepiga alikuwa dada yake.

Dada alimtangulia kuzaliwa kwa miaka tisa, na mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea. Alikuwa mkunga, na mtaa haukumtafutia jina lingine: Mkunga. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwapima wajawazito, akiwapokea watoto, akiwakemea baba zao. Miaka kumi na miwili nyuma ngozi yake ilianza kulikataa jua. Hatua ishirini kutoka mlangoni hadi getini zilitosha: uso ukavimba na kuiva, viungo vikakaza, akalala kitandani siku tatu. Daktari alimwambia ugonjwa hautaondoka, atauzoea. Akauzoea kwa glavu, mikono mirefu, kofia pana, mwavuli na gari.

Gari lile Kivuli alilivisha mwenyewe. Wiki ile ile ya habari mbaya alichukua karatasi nyeusi kuliko zote alizokuwa nazo, akabandika vioo vyote isipokuwa kile kikubwa cha mbele. Hakusema neno, na Dada hakushukuru. Katika familia ile maneno matamu walikuwa wanayaonea haya. "Gari la Mkunga ni chungu chenye kifuniko," watu walitania. "Hujui kinachopikwa ndani." Dada aliendesha ndani ya chungu hicho miaka kumi na miwili, na kila baada ya miezi michache aliugua vile vile, mara nyingi mkono wa upande wa mlangoni na shavu la upande huo huo. Kivuli alikuwa hana subira naye.

"Umetoka bila glavu tena."

"Sijatoka bila glavu."

"Basi jua limekufuata ndani ya gari? Jifunike, Dada. Wewe ni mtu mzima."

Mwishowe Dada aliacha kubishana.

Jumatano ile alimpigia kwa sababu askari wa barabarani walikuwa wamemsimamisha, wakang'oa stika ya gari na kumwambia asiuguse usukani mchana wala usiku mpaka vioo vya mbele vibanduliwe.

"Hukuwaonyesha barua ya daktari?"

"Niliwaonyesha. Wakasema imeandikwa vizuri."

Kivuli alivuka barabara akiwa peku, maji ya sabuni yanamtiririka viwikoni. Sabini alikuwa mtu mfupi, miwani juu ya paji la uso, kipimo kikiwa kimening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe.

"Kibali kipo," alisema. "Wagonjwa wanaruhusiwa kuwa na vioo vya giza. Anajaza fomu, anaweka barua ya daktari, na cheti cha gari kupita ukaguzi."

"Na ili lipite ukaguzi?"

"Libanduliwe."

"Yaani alibandue ili aruhusiwe kulibandika."

"Ndiyo. Halafu kamati inakaa. Siku arobaini, ikiwahi."

"Na hizo arobaini ataendeshaje?"

Sabini aliishusha miwani, akaipandisha tena. Mtoto wake wa mwisho alipokelewa na Mkunga, matako yakitangulia, na wote wawili walilijua hilo. "Ndugu yangu, ningekuwa na sheria mbili, ningempa moja. Ninayo hii tu. Lakini vioo vya nyuma sheria haivigusi. Akae nyuma, wewe uendeshe."

Ndivyo Kivuli alivyogeuka dereva. Alibandua vioo vya mbele, gari likapita, fomu ikapelekwa. Jua likishazama Dada aliweza kushika usukani mwenyewe, lakini watoto hawazaliwi kwa kufuata machweo. Mchana ulikuwa wa Kivuli. Angekuwa amekwisha kulowesha sakafu, gari la mtu limebanduliwa nusu, simu inalia. Ananawa, anavaa viatu, anaondoka huku mteja akimwuliza mgongoni kama nusu gari inaweza kupita nusu ukaguzi.

Dada aliketi katikati ya kiti cha nyuma, kati ya vioo viwili vyeusi, blanketi magotini, mkoba wa kazi miguuni. Watu wa aina mbili huendeshwa hivyo, wakubwa na wafungwa, na kwa anayetazama kutoka nje ni vigumu kuwatofautisha.

"Punguza mwendo. Umebeba mkunga, hukubeba saruji."

"Unataka kushuka?"

"Nataka kuendesha."

Wakifika, yeye aliingia ndani na Kivuli akabaki garini, saa moja, saa tatu, ndani ya vioo vitupu, akisalimiwa na kila anayepita. Wateja wake walihamia kwa fundi mwingine. Ukucha wake ulianza kuvunjika kwa kukosa kazi. Alihesabu siku za kamati: imepita tisa, imepita kumi. Nyumbani kwa Dada mapazia yalikuwa mawili mawili, na simu ya mezani ilikuwa imesogezwa karibu na kiti chake kama kikombe cha mgonjwa.

"Nimekuwa mzigo," Dada alisema siku moja kutoka nyuma.

"Sijasema hivyo."

"Shingo yako imesema. Naitazama kutwa."

Kuna siku Kivuli alichelewa. Mikono yake ilikuwa imenata gundi, simu haikusikika, na walipofika kwa mama aliyekuwa na uchungu walimkuta mtoto amekwishazaliwa mikononi mwa jirani aliyekuwa akitetemeka kuliko mzazi. Mtoto mzima, mama mzima. Dada alifanya kazi yake iliyobaki, akarudi garini, akavuta blanketi magotini.

"Leo Mungu katusamehe," alisema. "Na yule wa mapacha?"

Kivuli alimjua yule wa mapacha. Alikaa ng'ambo ya bonde, mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, presha yake ilipanda kwa kupigiwa mlango tu. Dada alikuwa amemwahidi kwamba siku ikifika atakuwa pale kabla hajamaliza kumwita. Ahadi hiyo aliitoa alipokuwa bado na gari lake. Sasa ilitegemea kama mdogo wake atasikia simu.

Siku ya kumi na mbili walipita yadini kugonga muhuri uliosahaulika kwenye fomu. Gari lilisimama chini ya paa, Dada akiwa ndani, vioo vimefungwa. Hakukuwa na foleni, na Sabini alikuwa na kipimo mkononi. Mtu mwenye chombo kipya hakosi cha kupima.

"Hebu tuione kazi yako ya zamani," alisema, akakibana kipimo kwenye kioo cheusi cha mlango wa nyuma. "Mwanga, sita! Kivuli, hapa uliua kabisa."

"Na namba hizi mbili za chini?"

"Hii ya joto. Hii ni ile miale ya jua isiyoonekana, inayounguza ngozi. Sheria haijaniuliza, kwa hiyo huwa siisomi."

"Isome."

"Thelathini na tatu."

"Pima hapa mbele, pasipo na kitu."

"Sitini na moja."

"Na kioo kikubwa."

Kioo kikubwa cha mbele hakikuwahi kuguswa na karatasi tangu gari litoke kiwandani. Sabini alibana kipimo, akakitazama, akakifuta kwa shati, akabana tena. "Moja," alisema. "Moja tu. Kimeharibika nini?"

Hakikuharibika. Kivuli alijua, kama ajuavyo mtu wa kazi, kabla hajaweza kueleza. Kioo kikubwa ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati, na utando ule, mweupe kama maji, ulikuwa unalizuia jua tangu siku ya kwanza. Karatasi yake nyeusi ilikuwa rangi. Rangi inafumba macho ya mpita njia, lakini jua haliingii kwa kutazama. Na rangi ile ilikuwa imezeeka mpaka ikawa zambarau, ikizidi kuvuja kila mwaka. Theluthi nzima ya kinachounguza ilikuwa inapita giza lake na kutua kwenye mkono wa mlangoni na shavu la upande wa mlangoni. Mafundi wote aliowajua walikuwa wanauza hivyo. Mteja anasema jua linanichoma, fundi anamwuliza anataka giza kiasi gani.

Alimwendesha Dada hadi nyumbani. Kisha akarudi bandani, akampigia muuza karatasi.

"Ipo karatasi inayozuia miale halafu haina giza?"

"Ipo, tangu zamani. Fundi gani ataibeba? Mteja anataka akione alichonunua."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Wewe umewahi kuniuliza nini zaidi ya giza?"

Ingefika baada ya siku mbili. Kesho yake waliondoka kwenda kumpima mama wa mapacha, na walipokuwa wanateremka bondeni Dada alisema, "Shingo leo imenyamaza. Kuna nini?"

Ni rahisi kumwambia mtu jambo zito ukiwa umempa kisogo. Kivuli alimwambia lote: namba tatu, thelathini na tatu, kioo kikubwa, zambarau. Katika kioo kidogo cha kutazamia nyuma aliona ukingo wa kofia tu.

"Miaka mingapi?" Dada aliuliza.

"Unajua, Dada. Kumi na miwili."

"Najua. Nilitaka uitamke wewe." Gari lilipita daraja. "Na kila nikiugua ulinigombeza."

"Ndiyo."

"Nami nikakuamini, maana wewe ndiye fundi. Nilikuwa nalala kitandani najihoji kama mwizi: jana nilisimama dirishani? Nilivua glavu nikamshika mtoto? Yale mapazia ya pili niliyaweka kwa sababu yako."

Kivuli alipunguza mwendo atafute pa kuegesha.

"Usisimame. Mwanamke wa watu ananingoja na presha yake. Endesha. Hasira yangu itakaa hapa hapa nyuma, kwani ina pa kwenda?"

Ilikaa. Ilisafiri nao kwenda na kurudi, na siku iliyofuata ikapanda tena. Dada alimpigia daktari wake, akamwuliza mwenyewe, hakutaka kusimuliwa na fundi. Daktari alisema glavu zibaki, kofia ibaki, lakini kwa karatasi ya aina hiyo aendeshe tu.

Karatasi ilipofika, Kivuli alifunga banda, akalowesha sakafu mara mbili. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Giza lina huruma, linafunika chembe ya vumbi, mkunjo, mkato uliopotoka. Karatasi isiyo na giza haina siri. Alibandika mlango mmoja mara tatu, akiitupa na kuanza upya, na alipomaliza kioo kilionekana kama hakijaguswa na mtu, jambo ambalo kwa fundi wa miaka kumi na saba kazini ni tusi kidogo.

Sabini alibana kipimo. "Miale, mbili. Hongera. Mwanga, sitini na sita."

"Maji bado yako chini yake. Yakikauka itapanda."

"Ikipanda lilete."

"Sabini, mtoto wako yule..."

"Usimtaje mtoto wangu." Alisema polepole, bila ukali. "Nikimpitisha na sitini na sita, askari wa kona ya kwanza ana kipimo kama changu. Atalichukua gari lote. Likaushe."

Na cha kulikaushia kilikuwa jua. Gari la Mkunga likaanikwa nje ya banda, siku ya kwanza, siku ya pili, likiota kile ambacho mwenyewe hakuruhusiwa. Naye alikuwa nyuma ya mapazia yake mawili, simu karibu. Siku hizo mbili alipelekwa kazini na gari la kukodi, akiwa amejifunika blanketi gubigubi, na dereva alimwuliza kama anakimbia mume.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya Kivuli ililia akiwa ameishika.

"Wa mapacha," Dada alisema. "Chupa imepasuka. Uko wapi?"

"Nakuja."

Alikuwa amekwisha kuwasha gari. Ila badala ya kukata kulia kwenda kwa Dada, alivuka barabara moja kwa moja hadi yadini, akaipita foleni nzima ya magari kumi na manne. Walimtukana yeye, ukoo wake, na fundi aliyemfundisha kazi. Sabini alitoka kufoka, akaona ni gari gani, akakibana kipimo bila kuuliza. Alikibana mlango wa kulia, akakibana wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Soma basi!"

"Sabini na moja. Huku sabini." Akagonga muhuri kwenye boneti, kwa kuwa meza ilikuwa mbali. "Nenda!"

Dada alikuwa amesimama ndani ya mlango wake, kofia kichwani, glavu mkononi, mkoba begani. Alipoliona gari alifungua mwavuli, akapiga hatua zake ishirini kwa haraka. Kivuli alinyoosha mkono nyuma amfungulie mlango wa nyuma. Dada hakwenda huko. Alizunguka, akasimama mlango wa dereva.

"Namba ya tatu?"

"Mbili."

"Umeisoma mwenyewe?"

"Sabini ameisoma. Nami nikaisoma baada yake."

"Shuka."

"Dada, ngoja leo nikupeleke, kwanza tuone mkono utakuwaje..."

"Mwanamke hajifungui kwa kwanza tuone. Shuka."

Alishuka. Dada alifunga mwavuli, akaketi, akavuta kiti mbele kwa hasira ya mzaha, maana miguu ya Kivuli ilikuwa mirefu na alikuwa amekisukuma nyuma kabisa. Kwa miaka kumi na miwili Kivuli hakuwahi kumwona dada yake akiendesha kupitia kioo cha mlango. Sasa alimwona: taya limebana, shavu lenye madoa ya rangi mbili ambalo mtaa haukupata kulitazama mchana. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walisimama wakakodoa macho. Dada aliwaona wakimwona. Aligeuza kofia kidogo, kama mtu anayetaka kujificha, kisha akairudisha ilipokuwa, akapiga honi wampishe.

Kivuli alirudi bandani kwa miguu, jua la saa tano likimgonga utosini. Alifungua, akalowesha sakafu, akambandua mtu mmoja ambaye hakumwona sura. Simu aliiweka juu ya ndoo mahali anapoiona. Saa nane na nusu ikalia.

"Wawili," Dada alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kutosha kuthibitisha. "Msichana na mvulana. Mama yao amelala."

"Ulifika kabla?"

"Nilifika akiwa bado ananipigia."

Kivuli alikaa juu ya sakafu yenye maji. "Na mkono?"

"Mkono wangu huwa unasema baada ya siku mbili. Utasema keshokutwa. Wewe nyamaza mpaka usikie kutoka kwake."